Moshi Haujui Mpaka wa Ua

Jioni, jua linapokaribia kuchwa, moshi huinuka juu ya mapaa ya nyumba zetu, mjini na vijijini. Msafiri akiuona kwa mbali hufurahi, kwa maana penye moshi pana moto, na penye moto pana chungu. Tangu kale moshi wa jikoni umekuwa kwetu ishara ya nyumba yenye uhai. Ndiyo sababu ni vigumu kwetu kusadiki neno watuambialo waganga, kwamba moshi huo huo ni mmoja wa wauaji wakubwa wa akina mama na watoto duniani.

Tena twasikia neno la pili. Kila mwaka wakuu wa mataifa hukutana kushauriana juu ya joto la dunia linalozidi. Nchi nyingine zimefunga mitambo ya umeme iliyochoma makaa ya mawe. Nyingine zawahimiza watu waache kupikia kuni. Ndugu wengi huuliza: «Mambo hayo yatuhusu nini sisi? Joto hilo lililetwa na viwanda vya Ulaya na Amerika. Mbona sasa waja kuchungulia vyungu vyetu?» Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulipita kando. Katika moshi wote wa viwanda, mitambo na magari ulioijaza dunia gesi za kuleta joto, sehemu ya Kongo ni ndogo mno.

Lakini leo twataka kuwaonyesha jambo moja. Serikali ikitunga sheria njema ya kupunguza moshi, faida ya kwanza haiendi ng'ambo. Yarudi nyumbani, kifuani mwa mtoto, tena yarudi upesi.

ADUI AKETIYE JIKONI

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2. Kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka 5. Theluthi moja hivi ya watu wote wa dunia wangali wakipika kwa moto wa wazi au kwa majiko yenye moshi mwingi, wakichoma kuni, makaa, mavi ya ng'ombe, mabaki ya shambani au mafuta ya taa.

Moshi huuaje? Ndani yake mna chembe ndogo sana za masizi. Zilizo mbaya kuliko zote hazizidi mikroni 2.5, maana yake, ukizipanga 30 bega kwa bega, zatosha tu upana wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia, wala kukohoa hakuwezi kuzitoa zote. Zashuka mpaka vyumba vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia damuni. Katika jikoni lisilo na dirisha wala tundu la moshi, wingi wa chembe hizo waweza kupita mara 100 kipimo kinachofaa kwa afya.

Sasa fikirini ni nani akaaye humo. Mama huingia alfajiri kuwasha moto, tena adhuhuri, tena jioni. Mgongoni amembeba mtoto mchanga, na miguuni pake amekaa yule aliyeachishwa ziwa juzi. Mapafu ya watoto hao yangali yakikua, nao hupumua mara nyingi zaidi kuliko mtu mzima. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtoto anayekaa katika moshi wa namna hii yumo katika hatari ya kichomi karibu mara mbili ya mwenzake. Kwa watu wazima moshi huleta magonjwa ya moyo, kiharusi, kikohozi kisichopona, kansa ya mapafu, na hata mtoto wa jicho. Ni mara ngapi tumemwona bibi mwenye macho mekundu, tukasema, «Ni uzee tu»? Huenda uzee umesingiziwa kazi ya moshi.

Wengine watasema: «Sisi wa mjini hatuchomi kuni; twatumia makala.» Ni kweli, makaa hayo hutoa moshi mchache kwa macho. Lakini yatoa gesi moja isiyo na rangi wala harufu, ambayo huifukuza hewa njema katika damu. Watu waliolala na mbabula yenye makaa ya moto ndani ya chumba kilichofungwa, ili kujikinga na baridi ya milimani, wamekutwa asubuhi wamekufa, bila kelele wala dalili ya vita. Mwenye kusoma haya na awaonye jirani zake leo hii.

MOSHI MMOJA, MADHARA MAWILI

Nanyi wanafunzi, sikilizeni somo fupi la elimu ya viumbe. Mti unapokua huvuta kutoka hewani gesi ya kaboni na kuifanya kuwa shina na matawi. Ukichomwa, kaboni ile yarudi hewani. Ukipanda mwingine mahali pake, deni lalipwa pole pole. Lakini ukikata msitu usipande kitu, deni labaki angani, na gesi hiyo hukaa huko miaka mamia, ikilizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi juu ya mtu aliyelala.

Makaa yaongeza hasara. Mchoma makaa huzika magogo chini ya udongo ili yaungue bila hewa ya kutosha. Katika tanuru la namna hiyo nguvu nyingi ya kuni yapotea hata kabla gunia halijafika sokoni, na pamoja na moshi hutoka gesi nyingine iitwayo metani, ambayo huleta joto kali kuliko ile ya kaboni. Metani hukaa angani miaka 12 hivi. Masizi nayo, kwa kuwa ni meusi, hulinywa joto la jua, lakini hayakai. Baada ya siku au majuma machache mvua yayaosha au yaanguka yenyewe.

Tazameni basi tofauti hii, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Gesi ya kaboni tunayoizuia leo itawafaa wajukuu. Masizi tunayoyazuia leo yatamfaa mtoto wetu juma hili. Apandaye mwembe hungoja miaka, apandaye lengalenga hula baada ya majuma machache. Sheria ya kupunguza moshi ni shamba moja lenye mazao hayo mawili. Watu wengi hulitazama la mwembe peke yake, wakachoka kungoja, wakasema kazi haina faida.

HABARI YA DUBLIN

Dublin ni mji mkuu wa Ireland, nchi ya baridi na mvua. Katika miaka ya 1980 watu wake wengi waliota moto wa makaa ya mawe majumbani, kwa kuwa bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Wakati wa baridi, upepo ukitulia, moshi ulilala juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Mwezi wa Januari 1982 hewa ilichafuka sana, na madaktari wakaona vifo vikiongezeka katika hospitali.

Mwishowe serikali ilikata shauri. Tangu tarehe 1 Septemba 1990 ilikatazwa kuuza mjini Dublin makaa ya mawe yatoayo moshi. Angalieni hekima ya sheria hii: haikutuma askari kuchungulia jiko la kila mtu, ilishika biashara. Palipouzwa makaa yenye moshi, sasa paliuzwa yasiyo na moshi. Tena, kwa kuwa nishati ile mpya ilikuwa ghali, serikali iliwapa watu wenye mapato madogo fedha kidogo ya kuongezea.

Wataalamu walilinganisha miaka 6 kabla ya sheria na miaka 6 baada yake. Moshi mweusi ulipungua kwa sehemu 70 katika 100. Vifo vya magonjwa ya kifua vilipungua kwa sehemu 15 hivi katika 100. Wengine walipochunguza upya mwaka 2013, waliona kwamba faida ya kifua ilisimama imara. Ile ya magonjwa ya moyo haikuwa dhahiri, kwa maana magonjwa hayo yalikuwa yakipungua hata katika miji isiyokuwa na sheria. Twaitaja hitilafu hii kwa kusudi, ili msomaji ajue kwamba hesabu hizi zimepimwa, wala hazikutiwa chumvi.

Sheria ya Dublin haikutungwa kwa ajili ya joto la dunia. Ilitungwa kwa ajili ya vifua vya watu. Jimbo la Ontario, nchini Kanada, lilitazama mambo hayo mawili pamoja. Mwaka 2003 robo moja hivi ya umeme wake ilitoka katika mitambo 5 ya makaa ya mawe. Madaktari wa jimbo hilo walikuwa wamepaza sauti muda mrefu, wakisema kwamba umeme ule waonekana rahisi kwa kuwa gharama yake nyingine hulipwa hospitalini. Serikali ikaifunga mitambo ile mmoja mmoja, na wa mwisho, wa Thunder Bay, uliacha makaa ya mawe mwezi wa Aprili 2014. Mwaka 2005 wakazi walikuwa wametangaziwa siku 53 za hewa mbaya. Mwaka 2014 hawakutangaziwa hata moja. Kweli, moshi mwingine uliotoka kwa jirani zao wa Marekani nao ulikuwa umepungua. Hata hivyo kazi yao wenyewe ilionekana kwa macho.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Mtu aweza kusema: «Basi, tugawe majiko mazuri kwa kila mama, mambo yaishe.» Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Jambo hili limejaribiwa, nasi twapaswa kusema kweli juu ya matokeo yake.

Huko Guatemala nyumba zaidi ya 500 zilifanyiwa majaribio. Nusu yake zilipewa majiko ya kuni yenye bomba la kutoa moshi nje. Habari zake zilitangazwa mwaka 2011. Kichomi kikali cha watoto kilipungua kwa theluthi moja hivi, ingawa kwa kichomi cha kila namna tofauti haikuthibitika.

Nchini Malawi wataalamu waligawa majiko ya kuni yenye feni ndogo katika vijiji vingi, wakaangalia watoto zaidi ya 10,000. Mwaka 2017 walitangaza kwamba kichomi hakikupungua. Watoto walioungua moto walipungua sana, nayo ni faida ya kushukuru. Lakini majiko yaliharibika mara nyingi, na kuni, hata zikichomwa vizuri, ni kuni tu. Tena moshi wa takataka na wa tumbako ulibaki pale pale.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa katika nchi 4, mojawapo ikiwa jirani yetu Rwanda, pamoja na Guatemala, India na Peru. Akina mama waja wazito 3,200 walishiriki. Nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi yenyewe bure kwa muda wa miezi 18. Moshi walioupumua akina mama hao ulishuka hadi kama theluthi moja ya ule wa wenzao. Hata hivyo uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa haukuongezeka kwa namna ya kuthibitika, wala kichomi kikali hakikupungua.

Je, tuseme basi kwamba moshi hauna hatia? La hasha. Wataalamu wangali wakilitafakari jambo hili. Yawezekana msaada uliwafikia akina mama mimba ikiwa imekwisha kukua. Lakini sababu moja kila mwanakijiji aweza kuifahamu. Mama mmoja apika kwa gesi, na majirani zake kumi wapika kwa kuni. Dirisha lake likiwa wazi, moshi wao waingia. Mtoto wake akitoka kucheza, acheza katika moshi wao. Moshi haujui mpaka wa ua, haubishi hodi.

Linganisheni na Dublin. Huko mji mzima uliacha makaa yenye moshi siku moja, tajiri na maskini, mwenye kupenda na asiyependa, na hewa ya wote ikatakata pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jiko jema la mtu mmoja ni mwanzo mwema. Lakini hewa ni mali ya wote, na mali ya wote yataka shauri la wote. Hiyo ndiyo kazi ya sheria na ya serikali.

NA KWETU KONGO?

Nchi yetu imejaliwa maji mengi yenye nguvu kuliko karibu nchi zote za Afrika. Huko Inga, mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1972 na wa pili mwaka 1982. Kwenye mto Ruzizi, karibu na Bukavu, mtambo wa kwanza ulijengwa mwaka 1958. Lakini mwaka 2022 karibu mtu mmoja tu kati ya watano nchini alikuwa na umeme nyumbani, na wale wanaopika kwa umeme au gesi hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Maji yatiririka mbele ya nyumba zetu, nasi twakata msitu ili tuchemshe maharagwe.

Watu wa Kivu ya Kaskazini wajua vema mwisho wa njia hiyo. Makaa mengi yaliyouzwa Goma yalitoka katika misitu ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na biashara hiyo imewalisha wenye silaha. Ndiyo sababu wakuu wa hifadhi walianza kujenga mitambo midogo ya umeme kwenye mito itokayo milimani: Mutwanga mwaka 2013, kisha Matebe, katika Rutshuru, mwaka 2015. Hata katika nchi yenye vita mito haikuacha kutiririka, na wazo lenyewe ni jema: umeme wa mto huo huo waweza kuulinda msitu, kuwasha taa ya mwanafunzi, na kuupumzisha moto wa mama.

Tukitazama kwa jirani, serikali ya Tanzania ilianza na majiko makubwa. Iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kila siku, kama shule, hospitali na magereza, ziache kuni na makaa. Mwaka 2024 ilitangaza mpango wake wa miaka 10, wenye shabaha ya kuwafikisha watu 80 katika 100 kwenye upishi safi ifikapo mwaka 2034. Shabaha si mazao. Tutawahukumu kwa mavuno. Lakini njia waliyoishika yafaa kutazamwa, kwa sababu jiko moja la shule ya bweni lateketeza kuni za jamaa nyingi, na mkuu wa shule ni mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Mwezi huo huo wa Mei 2024 wakuu wa nchi nyingi walikutana Paris juu ya upishi safi katika Afrika, wakaahidi fedha dola bilioni 2.2. Hapa ndipo lile swali la haki tulilolitaja mwanzoni linapopata jibu lake. Walioichafua hewa zaidi wana wajibu wa kulipa zaidi. Na sheria yoyote itakayomnyang'anya mama maskini gunia lake la makaa bila kumpa kitu kingine cha kupikia, hiyo si sheria ya afya. Ni njaa iliyovikwa vazi la sheria. Dublin waliwasaidia maskini kwanza. Nasi tusikubali pungufu.

Marehemu Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja moshi wa kupikia kati ya mambo yanayowadhuru hasa maskini. Hakuutenga ugonjwa wa dunia na ugonjwa wa watu.

KAZI YA KILA JAMAA

Tukingoja nguzo za umeme zifike, tusikae mikono kifuani. Kausheni kuni vizuri, maana kuni mbichi ni mama wa moshi. Hali ya hewa ikiruhusu, pikeni nje au chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Lowekeni maharagwe usiku kucha na kufunika chungu. Moto utawaka muda mfupi zaidi. Msiwashe moto kwa plastiki, kwa maana moshi wake ni sumu juu ya sumu. Nanyi akina baba, mkijenga nyumba, msilisahau jiko. Toboeni dirisha mbili zinazoelekeana kabla hamjanunua viti vya sebuleni. Mtoto asiye na kazi jikoni na akae mbali na moto, aangaliwe na dada au kaka yake.

Kisha, mkutanapo katika mikutano ya mtaa, kamati za wazazi na shirika za akina mama, ulizeni maneno haya matatu. Shule yetu yapikia nini? Hospitali yetu yapikia nini? Wale wanaoomba kura zetu wana shauri gani juu ya umeme na gesi ya kupikia kwa bei ambayo mchuuzi wa soko aweza kuilipa? Maswali hayo yakiulizwa na mtu mmoja huitwa kelele. Yakiulizwa na parokia nzima, yatafutiwa jibu.

Hatudai kwamba tutaipoza dunia peke yetu kwa vyungu vyetu. Twasema tu kwamba njia ya kuipoza dunia na njia ya kuwaponya watoto wetu ni moja kwa sehemu kubwa. Anayeishika kwa ajili ya mtoto wake ameifanyia dunia kazi pia, na mshahara wake ataanza kuupokea mwaka huu huu, usiku ule mtoto atakapolala bila kukohoa.